Si Mama Fua, Ni Mashine Yenu Ndio Inanuka

Wasee, leo nimekuja kulipa deni. Julai mwaka jana niliweka video nikiwaonyesha vile mtu anaweza kutoa harufu mbaya kwa mashine ya kufua kwa kumwaga siki na baking soda ndani yake. Povu lilipanda, likafanya tsss, nikapiga makofi, na nyinyi mkaipenda kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Hiyo video ilikuwa ya uongo. Sio uongo wa kupanga, ni ule wa mtu hajui na tayari ameshika simu. Mashine yetu ilinuka tena wiki hiyo hiyo, na mimi nikanyamaza kwa sababu namba zilikuwa bado zinapanda.

Ya siki nitaifikia. Kwanza niwaambie vile tulifika hapo, kwa sababu katikati ya hii hadithi kuna mtu alipoteza kazi na hakuwa na kosa.

Mathe alichukua mashine kwa pesa za chama. Ya mlango wa mbele, kilo saba, nyeupe. Keja yetu haina mahali pa kufulia, so tuliisukuma jikoni kati ya sinki na friji. Wiki ya kwanza majirani walikuja kuiangalia ikizunguka kama wanaangalia mechi. Kabla ya hapo tulikuwa na mama fua, sisi tulimwita Anti, na alikuwa anakuja Jumanne na Jumamosi, anakalia kale kastuli balconi na mabeseni yake matatu, redio ndogo kando. Mashine ilipokuja siku zake zikawa moja. Anakuja Jumamosi, anapakia mashine, anaanika juu ya paa, anapiga pasi, anaenda. Mia tano yake ikabaki mia tano kwa wiki badala ya elfu. Sikumbuki mtu yeyote kwetu akimuuliza kama hiyo ni sawa na yeye.

Harufu ilianza kama mwezi wa tano hivi tangu tuinunue. Sio harufu ya jasho. Ni ile ya kitambaa cha kupangusa meza kilichosahaulika kwa sinki Ijumaa mkaenda ushago mpaka Jumatatu. Na ujanja wake ni huu: nguo ikikauka, hauisikii. Unainusa ukiitoa kwa kamba, iko fiti. Unaivaa, unatoka, mwili unapata joto au kamvua kanakupiga kidogo, na ndio inaamka.

Mimi iliniamkia kazini. Nilikuwa kwa yale mafunzo ya miezi mitatu chuo hukulazimisha ufanye kabla ya kumaliza. Ilikuwa Julai, ile Julai ya Nairobi ya mawingu siku nzima na manyunyu yasiyoisha, na nilikuwa nimetembea kutoka steji bila mwavuli. Tukaingia kikao, watu sita kwa chumba kidogo. Dakika kumi baadaye dada mmoja akainuka akafungua dirisha. Kwa hiyo baridi! Mimi nikasikia harufu, nikamwangalia jamaa wa kando yangu kwa huruma, nikajiambia maskini, hana mtu wa kumwambia. Kikao kikaisha. Nikaingia lifti peke yangu, mlango ukafunga, na ile harufu ikaingia na mimi.

Manze, hakuna upweke kama huo.

Nilifika nyumbani nimekasirika kama nimeibiwa. Nikamwambia Mathe, na Mathe, kama kila mama mwenye nyumba Nairobi, akasubiri Jumamosi. "Anti, hizi nguo unazisuuza kweli?" Anti akamjibu kwa upole kabisa: "Mama, si mimi. Hiyo mashine ndio inanuka. Weka pua hapo kwa mpira wa mlango usikie."

Hakuna mtu aliweka pua. Kuna kitu kingine pia. Anti alikuwa na tabia ya kuacha mlango wa mashine wazi akimaliza, na kupangusa ule mpira na kitambaa. Sisi tuliona ni uchafu. Mathe alisema wageni wakija wanaona kama jikoni kuna pango. Mimi mwenyewe nilikuwa naufunga na mguu nikienda kwa friji. Kila Jumamosi yeye anafungua, kila Jumamosi jioni sisi tunafunga.

Mwisho wa Agosti Mathe akamwambia asije tena kwa sasa, tutampigia. Si mnajua "tutakupigia" inamaanisha nini. Akakunja kanga yake, akachukua karedio, akasema asante.

Wiki mbili bila Anti, harufu ikawa mbaya zaidi. Na sasa hakukuwa na mtu wa kulaumu, maana nguo nilikuwa nafua mimi. Ndio siku moja usiku nikapiga magoti jikoni, nikaweka pua kwa mpira wa mlango vile tulikuwa tumeambiwa. Nilikosa hamu ya chakula hiyo usiku.

Tukaita fundi wa mtaa, yule anatengeneza friji na mikrowevu. Hata hakufungua sanduku la vifaa. Aliuliza maswali matatu tu. Mnafua na maji ya digrii ngapi? Baridi. Mlango mnaacha wazi? Hapana. Sabuni mnaweka kiasi gani? Nikamwonyesha kikombe. Akacheka mpaka akashika meza.

Halafu akainama chini upande wa kulia, akafungua kale kamlango kadogo ambako mimi nilidhani ni pambo. Hapo nyuma kuna filta ya pampu. Akachomoa mashine kwa stima, akaweka karai na tambara, akaizungusha polepole. Maji meusi yakatoka kwanza, kisha vitu: sarafu ya shilingi ishirini, pini mbili za nywele, furushi la nywele za rasta ambazo dada yangu alifumua Krismasi, karatasi ya risiti iliyogeuka uji, na ute wa kijivu ambao sitaufananisha na chakula kwa sababu baadhi yenu mnakula mkisoma. Akakunja ule mpira wa mlango nyuma. Ndani ya mkunjo kulikuwa kweusi tititi. Akabonyeza kale kakishikio ndani ya droo ya sabuni, droo yote ikatoka (sikujua inatoka!), na dari ya mahali inapoingia ilikuwa na ukungu unaning'inia.

Akasema sasa tuizungushe tupu, maji ya moto, bila sabuni hata kidogo. Tukaangalia kupitia kioo. Baada ya dakika chache povu likaanza kupanda, likajaa nusu ya dirisha. Bila sabuni. "Hiyo ni sabuni yenu ya Machi," akasema. Jaribuni hiyo kwenu kabla ya kununua dawa yoyote. Ukiona povu na hujaweka kitu, ujue mashine imebeba sabuni ya zamani ukutani.

Hapo ndio nilianza kusoma, na hapo ndio ninataka tugombane kidogo, kwa sababu nadhani tumefundishwa vibaya maana ya nguo safi.

Dramu ile unaona ikizunguka ina mashimo, na nje yake kuna tanki lingine ambalo hauwezi kuliona. Kati ya hizo mbili ndio shida inaishi. Sabuni iliyozidi haitoki yote na maji ya kusuuza. Inabaki huko kama utando, inachanganyika na mafuta ya ngozi, uzi wa nguo na jasho, halafu bakteria na ukungu wanakuja kwa karamu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walichapisha utafiti kuhusu ile harufu ya nguo iliyokaa mbichi na wakamtaja mhusika mkuu, bakteria anaitwa Moraxella osloensis. Ni mtu wa kawaida tu, anaishi hata kwa ngozi za watu. Lakini akipata unyevu na mafuta ya mwili anatengeneza asidi ambayo ndio hiyo harufu. Na jambo lililonimaliza: huyo kiumbe anavumilia kukaushwa na hata miale ya jua. Ndio maana nguo ilikaa fiti kwa kamba na ikanisaliti kwa lifti. Alikuwa amelala tu, akingoja manyunyu.

Sasa sisi tulifanya nini tuliposikia harufu? Tuliongeza sabuni. Tukaongeza kile kilainishi cha waridi kinachonukia maua. Yaani tulimpikia. Vilainishi vingi vimetengenezwa kwa vitu vya jamii ya mafuta, ndio vinafanya taulo liteleze, na hivyo vitu vinabaki kwa droo, kwa mabomba, kwa tanki. Nguo inatoka inanukia bustani kwa saa tatu, halafu chini ya bustani unaanza kusikia kidimbwi. Watu wa rika langu tumeamini nguo safi lazima inukie kitu. Tunanusiana vitambaa kwa video, tunapanga chupa za rangi kwa rafu, mimi nikiwa wa kwanza. Nguo safi hainukii kitu chochote. Ukiinusa unasikia kitambaa tu. Nikisema hivyo watu wananiangalia kama nimesema chai bila sukari ni tamu.

Na povu. Hapa lazima niwatetee mama zetu kidogo, kwa sababu imani ya povu ina msingi wake. Ukifua na mkono, povu linakuonyesha sabuni bado iko. Sabuni ya unga ya kufua na mkono imetengenezwa itoe povu jingi kwa sababu mnunuzi anataka kuliona. Lakini ukiiweka kwa mashine ya mlango wa mbele, ambayo inatumia maji kidogo na inafua kwa kuangusha nguo juu chini, povu linageuka mto wa kulalia. Nguo zinaanguka juu ya povu badala ya kugongana, uchafu hautoki vizuri, na mabaki hayasuuziki. Unga wa mashine una dawa ya kupunguza povu. Ndio bei iko juu kidogo, na ndio wengi tunanunua ile ya mkono. Kama ni hiyo tu uko nayo, basi weka kidogo sana. Kwetu vijiko viwili vya supu vinatosha mzigo mzima, na nguo hazijawahi kulalamika.

Twende kwa siki. Siki ni asidi. Baking soda ni kinyume cha asidi. Ukizichanganya zinapigana, zinatoa gesi, hiyo ndio tsss, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi isiyo na nguvu ya kusafisha chochote cha maana. Yaani nilichukua vitu viwili ambavyo kila kimoja kina kazi yake nikaviua mbele ya kamera. Tena watengenezaji kadhaa wa mashine wanaonya usitumie siki mara kwa mara, kwa sababu inaweza kula mpira. Na tafadhali, hii ni ya maana kuliko yote nimeandika leo: usiwahi kuchanganya siki na jiki. Inatoka gesi ya klorini, na katika jikoni ya ghorofa yenye dirisha moja hiyo sio mzaha. Kuna mtu alinijibu chini ya ile video kwamba yeye ataongeza na jiki. Mimi nikamwekea moyo. Nilifuta video usiku ule nilipojua, lakini ule moyo bado unanisumbua.

Najua pia hali yetu. Ukisoma maelezo ya watu wa Ulaya wanaongea kama maji yanatoka kwa ukuta bila kukoma. Hapa maji ni ya mgao. Unaweka nguo, mashine inajaza mara ya kwanza, tanki la juu linaisha, inabaki hapo inalia pii pii, na nguo zako zinalala majini mpaka Alhamisi. Hilo peke yake linatosha kuanzisha harufu. Siku hizi mimi nikiona tanki halieleweki sianzi. Na ikikatika katikati nazitoa, hata kama ni saa sita usiku, nazikamua na mkono nazitandaza mahali. Ukiweka usiku ukalala ukasema utaanika asubuhi, umemfungulia yule Moraxella hoteli.

Stima nayo ndio sababu kila mtu anafua baridi. Naelewa kabisa, nguvu nyingi inayoliwa na mashine inaenda kwa kuchemsha maji. Lakini mzunguko mmoja wa digrii 60 au 90 kwa mwezi, mashine ikiwa tupu, kwetu unakula uniti moja au mbili za tokeni. Hiyo ni chini ya nauli ya kwenda tao na kurudi. Tunaweka unga kidogo wa mashine, ule wa nguo nyeupe, tunaiacha ijioshe. Wenye zile mashine za mapipa mawili haziwashi maji moto, so nyinyi pasheni maji yawe ya moto kiasi mkono unavumilia, msimwage yanayochemka kwa plastiki.

Mengine ni ya dakika tano. Filta kila mwezi au miwili, ukiwa umechomoa mashine na maji ya moto yameshatoka. Mpira upanguswe mpaka ndani ya mkunjo. Droo itolewe isuguliwe na mswaki wa zamani. Halafu mlango na droo ziachwe wazi kidogo. Kama kuna mtoto mdogo kwa nyumba mwangalie, watoto hupenda kuingia mle, na hapo ni heri uufunge baada ya ndani kukauka kabisa.

Kama harufu yako ni ya mayai yaliyooza badala ya tambara bichi, hiyo ni kesi nyingine. Angalia bomba la kutolea maji. Kwa ploti nyingi watu wanalisukuma tu chini kwa shimo la sakafu, halina kona ya kushika maji, so hewa ya choo ya ghorofa nzima inapanda mpaka kwa shati lako. Mwambie keateka, usinunue dawa. Na ikinuka kuungua, zima, ita fundi.

Sasa turudi kwa Anti, kwa sababu huyo ndio sababu nimeandika badala ya kufanya video nyingine ya povu.

Nimefikiria sana kwa nini hatukuweka pua. Ilikuwa sekunde tano. Mtu ambaye amefua nguo za nyumba nyingi Nairobi, na mkono na kwa mashine, alitwambia kwa mdomo wake shida iko wapi, na sisi tukasikia kisingizio. Fundi alikuja akasema kitu kile kile, akalipwa elfu moja na mia tano, na Mathe akamwandalia chai. Tofauti ni nini? Mmoja ana sanduku la vifaa na mwingine ana beseni. Na ukienda kwa nyumba za marafiki zangu ni hivyo hivyo: nguo ikichuja, ni mama fua, soksi ikipotea, ni mama fua, taulo likinuka, huyo hajui kusuuza. Soksi yangu moja fundi aliikuta imekwama nyuma ya mpira. Iliwahi kuulizwa kwa Anti, mbele yangu.

Ilimchukua Mathe siku nne kupiga simu. Alisema ni kazi nyingi, lakini nilimwona mara mbili ameshika simu akaangalia namba akaiweka chini. Mwishowe alipiga Jumapili baada ya kanisa, akaweka spika. Alianza na salamu ndefu sana, za watoto, za mvua. Halafu akasema, "Anti, ile mashine... ulikuwa umesema ukweli."

Kimya kidogo. Halafu Anti akacheka, si kwa ubaya. "Mama, mliweka pua?"

Jumamosi alikuwa ameshapata nyumba nyingine, ya watu wenye watoto mapacha. Akasema anaweza Alhamisi, na bei sasa ni mia nane, kwa sababu kuna kazi ya mashine ndani yake. Mathe akaanza kusema ile "hebu tuongee," mimi nikamwangalia, akakubali mia nane.

Alhamisi ya kwanza alifika, akasalimia, akaenda moja kwa moja jikoni. Mlango wa mashine ulikuwa wazi. Akauangalia, akapitisha kidole ndani ya mpira, akakinusa, hakusema kitu. Akatafuta karedio kake mahali pa kukaweka.